Kutibu Maji ya Ardhini kwa Kemikali: Nani Ametoa Kibali?



Kila mara mvua kubwa zinapokwisha, na hasa kukiwa na habari za kipindupindu, afisa wa afya hufika kijijini na ndoo yake ya klorini. Huuliza kina cha kisima, hupima upana wa mdomo wake, hupiga hesabu, kisha humimina dawa. Watu huambiwa wasichote maji mpaka muda fulani upite. Familia nyingi za parokia zetu zimeiona kazi hii kwa macho, wala hakuna anayeilaumu. Lakini hebu tufikiri: siku moja anafika mtu msiyemfahamu, hana barua ya kijiji wala ya wilaya, anafunua kisima chenu na kumimina ndani kitu ambacho hakitaji jina, halafu anasema, "Msiwe na wasiwasi, ni dawa." Mngemwacha aende zake? Nadhani wazee wangemkalisha chini kwanza.

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo la namna hiyo, ila kwa kipimo kikubwa zaidi. Maji yaliyo chini ya ardhi yakishaharibiwa na sumu za viwanda, mafuta au migodi, wataalamu wanayo njia ya kuyatibu huko huko yaliko, kwa kuingiza kemikali ardhini kupitia visima na mabomba maalumu. Njia hiyo imetumika sana Marekani na Ulaya. Afrika nako tutazidi kuihitaji, maana viwanda vinaongezeka, na vituo vya mafuta vimejengwa mpaka jirani na visima vya watu. Mimi si mpinzani wa njia hiyo. Ninachotaka tujiulize ni nani anairuhusu, kwa masharti gani, na mama anayechota maji anaambiwa nini.

Maji yasiyoonekana

Wengi wetu tukisikia habari za maji ya ardhini tunafikiri ni mto unaopita chini kwa chini. Sivyo. Kwa sehemu kubwa maji hayo yamejaa katika matundu madogo ya mchanga na kokoto na katika nyufa za miamba, mithili ya maji yaliyoloweka sifongo. Yanatembea, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Mahali pengi ni sentimita chache tu kwa siku. Kwa hiyo sumu iliyomwagwa leo huenda ikafika kwenye kisima cha jirani baada ya miaka mingi, wakati yule aliyeimwaga amekwisha kustaafu au kuhama. Tena ikishafika haionekani. Maji yaweza kuwa maangavu, ya baridi na matamu, kumbe yana sumu.

Zamani njia ya kawaida ya kuyasafisha ilikuwa kuyavuta kwa pampu, kuyachuja juu, na kuyarudisha. Ni njia ya kuaminika ila ni ya polepole mno, kwa sababu sumu hung'ang'ania udongo na kuachia kidogo kidogo. Pampu yaweza kunguruma miaka 30 na kazi isiishe. Ndiyo sababu wataalamu walianza kupeleka dawa chini badala ya kuyaleta maji juu.

Dawa zenyewe ni za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza huiunguza sumu bila moto. Mojawapo ni pamanganeti, zile chembe za zambarau zilizotumika kuoshea vidonda kwenye zahanati. Nyingine ni peroksaidi, ambayo wenye saluni wanaifahamu kwa kazi ya kubadilisha rangi ya nywele. Hizi hutumika zaidi dhidi ya petroli, na dhidi ya vile vimiminika vya viwandani vinavyotolea grisi kwenye vyuma. Aina ya pili ni chakula cha bakteria, kama vile molasi, mafuta ya mimea, au alkoholi. Bakteria wanaoishi ardhini hula, huzaliana, humaliza oksijeni iliyomo ndani ya maji, na hali hiyo mpya huigeuza sumu kuwa kitu kingine.

Yaliyotokea Hinkley

Mfano unaofaa kuangaliwa kwa makini ni wa Hinkley, kijiji cha wakulima na wafugaji katika jangwa la Mojave, jimbo la California, Marekani. Mwaka 1952 kampuni ya Pacific Gas and Electric ilianzisha hapo kituo cha kusukuma gesi asilia katika bomba. Mitambo hupata joto, ikabidi ipozwe kwa maji, na ili minara ya kupozea isishike kutu kampuni ilitia katika maji hayo kemikali yenye kromiamu. Maji yaliyokwisha kutumika yalimwagwa katika mabwawa ya udongo mtupu, yasiyo na sakafu, mpaka katikati ya miaka ya 1960. Yakanywea taratibu, yakayafikia maji ya visima.

Kromiamu ina sura mbili. Moja wataalamu huiita kromiamu tatu. Hii haiyeyuki kirahisi, hushikamana na udongo, na madhara yake ni madogo. Ya pili ni kromiamu sita, ambayo huyeyuka, husafiri pamoja na maji, nayo ni sumu. Kwamba ikivutwa na pumzi huleta saratani ya mapafu ni jambo lililojulikana zamani kwa wafanyakazi wa viwandani. Kuhusu kuinywa, majaribio ya panya yaliyotangazwa Marekani mwaka 2007 na 2008 yalionyesha saratani ya kinywa na ya utumbo mdogo.

Kampuni iliipasha serikali habari mwishoni mwa mwaka 1987. Wakazi zaidi ya 600 walidai haki yao, na mwaka 1996 kampuni ilikubali kuwalipa dola milioni 333. Mwaka 2000 ikatoka filamu ya Erin Brockovich, karani wa mwanasheria aliyewasaidia, na huenda baadhi ya vijana wetu wameiona. Filamu inakwisha watu wakilipwa. Maji yenyewe yalikuwa bado kule chini, na sumu yake.

Hapa sina budi kusema ukweli wote. Uchunguzi wa daftari la saratani la California uliotangazwa mwaka 2010, uliohusu miaka ya 1996 hadi 2008, haukuona kwamba saratani kwa jumla zilikuwa nyingi kuliko kawaida katika eneo lile. Wakazi wengi hawakuridhika na jibu hilo. Ninalitaja kwa sababu sipendi kuwatisha wasomaji kwa habari iliyotiwa chumvi. Sumu ile ni sumu hata bila ya kuongezewa.

Basi, maji yatasafishwaje? Mwanzoni yalivutwa na kunyunyiziwa mashamba ya majani ya mifugo, kwa kuwa bakteria wa udongo wanaweza kuigeuza kromiamu sita kuwa tatu. Lakini mwaka 2001 bodi ya maji ya eneo lile, iitwayo Lahontan, ilisimamisha umwagiliaji huo wa kurusha maji hewani, kwa kuwa watu waliogopa kuvuta ule ukungu. Baadaye ulirudishwa kwa mabomba ya kudondosha maji chini kwenye udongo. Na kwa ajili ya kiini cha sumu, kampuni ilianza kuingiza ardhini ethanoli, yaani alkoholi ile ile iliyomo katika pombe. Kwanza yalifanyika majaribio ya mahali padogo. Kazi kubwa ikafuata kuanzia mwaka 2007, na mwaka 2008 bodi ikatoa kibali cha jumla cha usafishaji pamoja na masharti yake.

Ethanoli ilifanya kazi. Mahali ilipopita, kromiamu sita ilipungua sana. Bakteria walikula, oksijeni ikaisha, kromiamu sita ikawa tatu na kubaki kwenye udongo.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Ile hali ya kukosa oksijeni haichagui. Katika mchanga ule ule mlikuwa na manganizi na arseniki za asili, zimetulia mahali pake tangu kale. Oksijeni ilipokwisha zilianza kuyeyuka na kuingia katika maji. Dawa iliyoifunga sumu moja ikazifungulia mlango nyingine mbili! Wataalamu walilijua jambo hilo mapema, nao walitazamia kwamba maji yakiendelea mbele na kukutana tena na oksijeni, manganizi na arseniki zitatulia upya. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Lakini "mara nyingi" si neno la kumwambia mama mwenye mtoto wa miezi mitatu anayekorogewa maziwa kwa maji ya kisima. Arseniki ikinywewa kwa miaka mingi huleta saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu, na Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 10 katika lita moja. Manganizi ikizidi hudhuru mishipa ya fahamu, na watoto wachanga ndio tunaowahofia zaidi. Mpaka wake ulishushwa mwaka 2022 kuwa mikrogramu 80 katika lita.

Kwa sababu hiyo kampuni ilitakiwa kuchimba visima vya uangalizi kati ya mahali pa kuingizia dawa na nyumba za watu, kupima mara kwa mara, na kuwa na mpango wa nini kifanyike iwapo manganizi au arseniki itavuka mpaka. Hata hivyo mzozo haukukosekana. Wakazi wa upande wa magharibi waliona manganizi katika visima vyao wakauliza: hii imetoka kwenye dawa yenu, au ilikuwemo siku zote? Ni swali gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu udongo una manganizi yake wa asili. Hata kromiamu sita yenyewe imo kwa kiasi fulani katika miamba ya jangwa lile. Kazi ya wanajiolojia wa serikali ya Marekani ya kutenganisha kromiamu ya asili na ile ya kampuni ilichukua miaka, na kitabu chao kilitoka mwaka 2023, yaani miaka 71 baada ya kituo kuanza.

Wakati huo wote watu walikuwa wakihama. Kampuni ilinunua nyumba nyingi, nyingine zikabomolewa. Mwaka 2013 shule ya kijiji ilifungwa.

Dawa ya moto ni moto?

Wahenga walisema hivyo, na wenye viwanda wangependa tuamini. Lakini fikirini kidogo juu ya kromiamu. Tuseme mahali fulani chini ya ardhi pana petroli iliyovuja, na hapo hapo udongo una kromiamu tatu isiyodhuru. Mtaalamu analeta pamanganeti aiunguze petroli. Pamanganeti inaiunguza kweli, ila yaweza pia kuigeuza kromiamu tatu kuwa sita. Umeondoa petroli, umetengeneza sumu ya Hinkley. Hii ndiyo sababu mtu mwenye ujuzi hawezi kuja na dawa moja kwa kila kisima, kama muuza dawa wa mnadani mwenye chupa moja ya kutibu jino, tumbo na macho.

Peroksaidi nayo ina tabia yake. Ikikutana na chuma kilichoyeyuka huchemka na kutoa gesi, na isiposimamiwa huweza kuusukuma mvuke wa petroli upande wa majengo. Mtu amelala nyumbani kwake, na chini ya sakafu yake kuna kazi inayoendelea asiyoijua.

Hata klorini yetu, rafiki wa kila mwaka, inaweza kuigeuza kromiamu tatu kuwa sita ikiikuta ndani ya maji. Sisemi tuache kutia klorini visimani, la hasha! Kipindupindu kinaua kwa siku moja. Ninasema kila dawa iwe na mahali pake na kipimo chake, na mtu wa kuwajibika kwa matokeo yake.

Sheria inasemaje

Nchini Marekani Sheria ya Maji Salama ya Kunywa ilipitishwa mwaka 1974. Ndiyo iliyoanzisha utaratibu wa kusimamia visima vya kuingizia vitu ardhini. Visima hivyo vimegawanywa katika madaraja, na vile vya kutibia maji ya ardhini kwa kawaida huwekwa katika daraja la 5. Msingi wake ni mzuri: mtu haruhusiwi kuingiza kitu kitakachoyafanya maji ya kunywa yavuke viwango au kudhuru afya ya watu. Lakini mlango ni mpana. Kisima cha daraja la 5 mara nyingi huruhusiwa na kanuni yenyewe, bila kibali cha peke yake, mradi mwenyewe ametoa taarifa na hahatarishi maji. Kwa maoni yangu taarifa peke yake haitoshi. Taarifa ni kusema, "Ninakuja." Kibali ni kusubiri mpaka mwenye nyumba aseme, "Karibu."

Mwaka 1984 Bunge lao likakataza kuingiza taka za hatari ndani ya tabaka la maji ya kunywa au juu yake. Nafasi moja tu iliachwa: maji machafu yaliyovutwa yaweza kurudishwa ikiwa yametibiwa kwanza, tena ikiwa ni sehemu ya usafishaji uliokubaliwa. Hilo neno "kwanza" likaleta kazi. Je, ukiyavuta maji, ukayatia dawa, ukayarudisha ili dawa ikafanye kazi yake huko chini, umetibu kwanza? Mwezi Desemba 2000 shirika la serikali linaloshughulikia mazingira, EPA, lilijibu kwamba yaweza kuhesabiwa hivyo, mradi dawa kweli inapunguza sumu kwa kiasi kikubwa na usafishaji unalinda afya na mazingira. Naona lilikuwa jibu la busara. Bila hilo njia nzima ingekufa kwa ajili ya neno moja. Hata hivyo linanionyesha jinsi usalama wa kisima cha mtu unavyoweza kutegemea tafsiri iliyoandikwa ofisini, mbali na kisima chenyewe.

California ilikwenda mbele zaidi. Jimbo lile lina bodi 9 za maji za maeneo, na kwa sheria yao ya mwaka 1969 anayetaka kumwaga taka inayoweza kubadilisha ubora wa maji lazima apeleke maombi kwenye bodi na kupewa masharti. Dawa ya kusafishia nayo ilipita katika utaratibu huo huo. Ndiyo maana habari za ethanoli ya Hinkley, na za manganizi na arseniki iliyofuatana nayo, zinajulikana leo kwa kila anayetaka kuzisoma. Zilipimwa kwa sababu kibali kilidai zipimwe.

Tugeukie nyumbani. Kwa kweli nilifurahi kukumbuka kwamba Tanzania nayo ina mabonde 9 ya maji, na bodi zake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inadai kibali kwa mtu anayetaka kumwaga maji machafu katika vyanzo vya maji, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka msingi kwamba mchafuzi ndiye alipe. Mlango wa kuingilia basi tunao. Ninachoomba ni kwamba kanuni zitamke waziwazi kuwa dawa ya kusafishia maji nayo ni kitu kinachoingizwa katika maji, hata kama nia ni njema, na kwamba anayeiingiza aombe kibali cha mahali pale na cha dawa ile. Tusingoje kampuni ije na mabomba yake ndipo tuanze kubishana kama molasi ni taka au si taka.

Masharti ambayo ningependa kuyaona

La kwanza kabisa ni kupima kabla. Maji ya visima vyote vya jirani yapimwe kabla ya tone la kwanza la dawa kuingia, yapimwe sumu inayotafutwa pamoja na vyote vinavyoweza kuamshwa na dawa. Hinkley inatufundisha kwamba usipopima mapema utabishana miaka mingi baadaye, na katika ubishi wa namna hiyo mwanakijiji ndiye anayechoka kwanza. Dawa nayo itajwe kwa jina, kiasi chake, na uchafu uliomo ndani yake, maana pamanganeti ya viwandani yaweza kuwa na chembe za madini mengine. Kisha jaribio la mahali padogo, majira mamoja au mawili, kabla ya kazi kubwa.

Gharama ya vipimo ailipe mchafuzi, lakini anayechota sampuli asiwe mtumishi wake. Mtahiniwa hajisahihishii mtihani.

Juu ya jambo moja nitasimama kidogo, kwa sababu ndilo husahauliwa: majibu ya vipimo. Sote tumeyaona majibu yanayoletwa kijijini kwa Kiingereza, kurasa 40, yakafungiwa katika kabati la ofisi. Hayo si majibu. Majibu ni mtu kusimama mbele ya mkutano wa kijiji na kusema kwa Kiswahili: kisima cha karibu na shule kilikuwa na kiasi hiki kabla ya dawa, sasa kina kiasi hiki, na mpaka ni huu. Watu waulize maswali, na maswali yaandikwe. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zinakutana kila wiki. Zina makatibu wanaojua kusoma na kuandika, zina akina mama wanaochota maji kila siku na ambao hugundua mabadiliko ya ladha au ya rangi kabla ya maabara yoyote. Manganizi, kwa mfano, huacha madoa meusi kwenye nguo nyeupe. Nani atayaona kwanza kama si mama anayefua kanzu za watumishi wa altare?

Maji mbadala nayo yawepo kabla ya kazi kuanza, si baada ya malalamiko. Na fedha ziwekwe mahali, ili kampuni ikifilisika au ikiuzwa usafishaji usife njiani.

Nayasikia mawazo ya wapinzani, nayo si ya kipuuzi. Wanasema kwamba wakati karatasi zinazunguka ofisini, sumu inatembea. Ni kweli. Tangu kampuni ilipotoa taarifa Hinkley mpaka ethanoli ilipoanza kuingizwa kwa wingi ilipita miaka kama 20, na siwezi kuwaambia watu wangu wasubiri muda huo. Jawabu ni kuipa bodi wataalamu wa kutosha na muda maalumu wa kujibu: jaribio dogo liruhusiwe upesi, kazi kubwa ichunguzwe kwa utulivu. Daktari mwenye mgonjwa mahututi hufanya haraka, lakini haachi kuuliza kama mgonjwa anadhurika na sindano ya penisilini.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliyataja maji ya ardhini kwa namna ya pekee. Alisema kwamba mahali pengi yanahatarishwa na migodi, kilimo na viwanda, hasa katika nchi zisizo na usimamizi wa kutosha, na kwamba kupata maji salama ni haki ya msingi ya kila binadamu. Wengine hufikiri maneno hayo ni ya maaskofu na wanasiasa. Mimi nayaona ni ya kamati ya maji ya kijiji, kwa sababu ofisi ya bonde haiwezi kujua kwamba kuna gari la mabomba limefika kwenye kiwanja cha kiwanda kilichofungwa, kama hakuna mtu aliyekwenda kuuliza, "Mna kibali cha nani?"

Kisima kikinuka petroli

Nimalizie kwa jambo la nyumbani, kwa kuwa ukurasa huu ni wa afya. Maji ya kisima yakianza kunuka petroli au mafuta ya taa, acheni mara moja kuyanywa na kuyapikia. Msiyachemshe: kuchemsha huua vijidudu, lakini petroli hupanda kama mvuke na mtaivuta jikoni, watoto wakiwemo, na yaweza kushika moto. Sumu za madini, kama kromiamu na arseniki, haziondoki kabisa kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani ndipo zinapozidi kukolea. Klorini haiondoi petroli. Msiwashe kibiriti wala sigara karibu na mdomo wa kisima, na mtu asishuke ndani kuchunguza. Mtu mwenye nia njema akitaka kumwaga sabuni, majivu au dawa yoyote ili harufu iondoke, mzuieni, maana atavuruga vipimo.

Andikeni tarehe harufu ilipoanza na nani aliigundua. Waambieni majirani wote wanaochota hapo, kisha mwende kwa afisa wa afya na kuomba habari ifikishwe ofisi ya bonde. Wakichelewa kuja na ikibidi mchote sampuli wenyewe, tumieni chupa safi ya kioo, mjaze mpaka ukingoni pasibaki hewa, mfunge kwa nguvu, muiweke mahali pa baridi na gizani, na muipeleke siku hiyo hiyo. Chupa ya plastiki iliyokuwa na soda haifai, hata ikioshwa mara tatu.